Sanduku la Barabara ya De Winton: Thieta ya Taifa ya Kampala kwa jicho la fundi wa jukwaa

Wanaosimulia historia ya Thieta ya Taifa ya Kampala huanza na majina ya watunzi. Majina yatakuja. Mimi naanza na jukwaa, kwa sababu mengi yaliyotokea pale tangu 1959 yalitokana na jambo moja: jengo lilichorwa kwa ajili ya aina moja ya igizo na aina moja ya mtazamaji, kisha likarithiwa na watu wenye maigizo mengine na watazamaji wengine kabisa.

Jengo lipo Barabara ya De Winton, karibu na Bunge. Lilifunguliwa Desemba 1959, na sheria ya mwaka huohuo ndiyo iliyounda Kituo cha Taifa cha Utamaduni, ambacho mpaka leo kinasimamia thieta hii pamoja na jumba la sanaa la Nommo kule Nakasero, lililofunguliwa 1964. Mpita njia anaukumbuka ule uso wa zege wenye matundu. Matundu yale hayakuwekwa kwa urembo tu. Ujenzi wa zama zile katika nchi za joto ulitaka jua lizuiwe na upepo upite bila mashine, na uso wa namna ile hufanya kazi zote mbili. Kasoro yake ni kwamba hewa inayopita huja na mwanga na kelele za barabarani. Asubiriye tiketi hilo halimsumbui. Linamsumbua fundi wa taa mchana, kila mlango wa ukumbi unapofunguliwa.

Ndani ni sanduku. Hili ni jukwaa la fremu: mtazamaji anakaa upande mmoja na kutazama mbele, kama anayechungulia dirishani. Kati yake na waigizaji kuna pazia, na pembeni kuna mapazia meusi ya kuficha wanaosubiri zamu. Viti havifiki 400. Uikumbuke namba hiyo, nitairudia. Jukwaa la fremu hudai mambo matatu kutoka kwa anayelitumia: uso wa mwigizaji uelekee mbele, watazamaji wakae gizani wakiwa kimya, na mandhari yatengenezwe yaonekane kutoka upande mmoja tu. Kwa tamthilia ya sebuleni, yenye makochi mawili na mlango wa kuingilia, hakuna umbo bora zaidi. Na tamthilia za sebuleni ndizo zilizokuwa zikichezwa Kampala na vikundi vya burudani vya Wazungu kabla ya 1959, huku vikundi vya Waasia navyo vikiwa na maigizo yao kwa lugha zao.

Waganda walikuwa hawakusubiri jengo. Mwaka 1954, Kabaka Mutesa II akiwa bado uhamishoni Uingereza, Wycliffe Kiyingi alianzisha African Artists Association, kikundi cha Waafrika pekee, akaigiza kwa Kiluganda. Pio Mberenge Kamulali ni igizo lake la mwaka huo. Vikundi vya namna hiyo vilicheza katika kumbi za shule na za jumuiya, ambako sakafu ni tambarare, viti ni vya kukunja, na mtazamaji anamjibu mwigizaji kwa sauti pale anapoona mjinga anadanganywa. Watu waliozoea katemba, yaani maigizo, ya namna hiyo ndio walioingia Barabara ya De Winton baadaye, wakakaa gizani, na hawakunyamaza. Mpaka leo, mwigizaji anayepanga kusubiri ukimya kabla ya kutamka neno zito atasubiri sana. Dawa yake ni kulitamka juu ya wimbi la kicheko linaposhuka, si baada ya kwisha kabisa, kwa sababu likiisha mtu mmoja wa safu ya nyuma atatia neno lake na kuanzisha jingine.

Mwaka wa uhuru, Novemba 1962, jukwaa hilo lilipokea tamthilia ya mwanafunzi wa Makerere aliyeitwa wakati ule James Ngugi, baadaye Ngũgĩ wa Thiong'o: The Black Hermit, kama sehemu ya sherehe. Miezi michache kabla, Juni, waandishi wa Afrika wanaotumia Kiingereza walikuwa wamekutana Makerere. Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960 thieta ilikuwa na mikondo miwili inayopishana mlangoni: Kiingereza cha wasomi kutoka mlimani Makerere, na Kiluganda cha mji. Wa kwanza ulipata sifa vitabuni. Wa pili ndio uliojaza viti.

Jibu moja kwa tatizo la sanduku lilikuwa kulikimbia. Mwaka 1965 David Cook wa Makerere na wenzake walianzisha thieta ya kusafiri, isiyo na kiingilio, iliyobeba wanafunzi na maigizo mafupi hadi miji midogo na vijiji, Uganda na hata Kenya, kwa Kiingereza, Kiluganda, Kiswahili na lugha nyingine. Kwa fundi, safari hiyo ni somo kubwa kuliko jengo zima. Kifaa kisichoingia kwenye basi hakiendi. Taa za umeme hazina maana kwenye uwanja wa mchana, kwa hiyo maana yote ibebwe na mwili, sauti na maleba. Igizo la saa mbili linavunjwa kuwa vipande vifupi vinavyoweza kubadilishwa mpangilio kulingana na watu waliofika na lugha yao. Na sauti: uwanjani hakuna ukuta wa kuirudisha, kila umbali unapoongezeka mara mbili inapungua kwa desibeli 6 hivi. Mwigizaji anayesikika vizuri mita 5 mbele yake, akiwa mita 20 amepoteza desibeli 12, na hapo konsonanti ndizo hufa kwanza. Kiswahili na Kiluganda vinavumilia hali hiyo kuliko Kiingereza, maana karibu kila silabi inaishia kwa vokali na vokali husafiri. Sijaona kikundi cha Kampala kinachotumia hoja hii kuchagulia lugha, lakini masikio ya watazamaji yaliitumia zamani.

Jibu la pili lilikuwa kubaki ndani ya sanduku na kulijaza muziki. Hapo ndipo anapoingia Byron Kawadwa na Kampala City Players. Makula ga Kulabako na Oluyimba lwa Wankoko, yaani Wimbo wa Jogoo, ni maigizo ya muziki kwa Kiluganda, muziki wake ukitungwa na Wassanyi Serukenya. Huwezi kuelewa thieta ya Kampala ya miaka ya 1970 bila hayo. Hadithi inatembea kwa wimbo, kwaya inasimama jukwaani, ngoma zinapigwa moja kwa moja. Na hapa jengo lilianza kulalamika.

Chukua seti ya kawaida ya ngoma za Buganda: embuutu, empuunyi, nankasa, na engalabi, ile ndefu yenye ngozi ya kenge. Zilitengenezwa zisikike kutoka kijiji hadi kijiji. Ukiziweka ndani ya ukumbi wa watu wasiofika 400 wenye kuta ngumu, maneno ya mwimbaji yanazama. Kosa la kwanza la kila kikundi kipya ni kuongeza maiki. Maiki inachukua ngoma pia, spika inazirudisha, maiki inazichukua tena, na kabla ya ubeti wa pili inapiga mluzi. Kinachofanya kazi ni kinyume chake: shusha ngoma kwanza. Ziweke ubavuni nyuma ya pazia zito, si katikati nyuma ya waimbaji. Ziinue kutoka kwenye mbao za jukwaa kwa kipande cha zulia au mkeka uliokunjwa mara nne, kwa sababu jukwaa la mbao lenyewe ni ngoma kubwa iliyo tupu chini. Mpe mpigaji wa embuutu kitambaa cha kuweka juu ya ngozi upande usiopigwa. Baada ya hapo ndipo upime kama maiki inahitajika.

Ikihitajika, kuna kanuni ya tatu kwa moja: umbali kati ya maiki mbili uwe angalau mara tatu ya umbali kati ya maiki na mdomo. Mwigizaji akiwa mita 1 kutoka maiki yake, ya jirani iwe mita 3 au zaidi. Ndiyo sababu maiki tatu kwenye ukingo wa mbele wa jukwaa hufanya kazi kuliko sita. Vikundi vingi vya Kampala vilizoea kuning'iniza maiki kutoka juu, na kutokana na tabia hiyo ukazaliwa mtindo mzima wa uigizaji ambao wakosoaji huulaumu bila kujua chanzo chake: watu wanasogea katikati, wanajipanga mstari chini ya waya, wanaongea wakitazama mbele. Mwongozaji hakuwapanga hivyo. Waliojipanga ni waigizaji waliogundua kwamba hatua mbili kushoto hawasikiki. Kikundi kinachotaka watu watembee kirudishe waya juu na kiwafundishe kupaza sauti, au kilipe maiki za kuvaa. Hizo nazo zina adui mmoja, jasho. Mtu anayecheza baakisimba, ngoma ya Buganda, dakika 6 analowesha kisanduku kiunoni, chumvi inaingia kwenye soketi, na maiki inakufa kabla ya mapumziko. Mafundi dunia nzima hukivisha kisanduku kondomu isiyo na mafuta, na ni shilingi chache kuliko soketi mpya.

Robert Serumaga alichukua njia ya tatu, nami naiona ndiyo iliyosoma jengo vizuri kuliko zote. Alianza na tamthilia za Kiingereza zenye maneno mengi, kisha akiwa na kikundi chake cha Abafumi akageukia mwili, wimbo na tambiko. Renga Moi inachanganya lugha kadhaa za Uganda na haimtaki mtazamaji azielewe zote. Mwaka 1975 ilichezwa London, kwenye msimu wa thieta za dunia katika ukumbi wa Aldwych. Amayirikiti ya 1974 ilikwenda mbali zaidi, karibu haina maneno. Chini ya Amin jambo hilo lilikuwa na faida nyingine ambayo haihitaji ufafanuzi: mpelelezi hawezi kunukuu mkono uliopinda.

Kwa fundi, swali la Serumaga linamkabili kila anayeleta ngoma za kiasili kwenye fremu. Bwola na larakaraka za Waacholi huchezwa kwa duara, na mtazamaji ni sehemu ya mzunguko. Ukiiweka duara kamili nyuma ya fremu, nusu ya wachezaji wanawapa watazamaji migongo, na mchezaji bora anaweza kuangukia nusu hiyo. Suluhisho la kivivu ni kuifungua duara kuwa mstari, na ngoma inakuwa gwaride. Suluhisho linalofaa ni nusu mwezi ulioinama: wa nyuma wasimame juu ya jukwaa dogo la sentimita 30 hivi, pembe mbili za mwezi zifike karibu na ukingo wa mbele, na duara ijifunge na kufunguka kwa mizunguko, ili kila mchezaji apate zamu ya kuonekana usoni. Runyege ya Bunyoro na Tooro haina shida hiyo sana, tena inapendelewa na jengo, kwa sababu njuga za miguuni juu ya mbao zinasikika hadi kiti cha mwisho bila msaada wowote. Ila pima mbao kabla. Misumari iliyochomoza milimita 2 haionekani kwa mwenye viatu, na wachezaji hawa hawana viatu. Mwendee mhudumu wa jukwaa asubuhi na nyundo, piga magoti, pitisha kiganja mbao kwa mbao.

Mwaka 1977 jengo lilimpoteza mtu wake. Oluyimba lwa Wankoko, kejeli juu ya wanaonyakua kiti cha enzi, ilipelekwa Lagos kwenye FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa watu weusi lililoanza Januari mwaka huo. Kikundi kilirudi nyumbani na sifa. Kawadwa, aliyekuwa ndiye anayeiongoza Thieta ya Taifa, alikamatwa na watu wa Amin pale pale kazini, akauawa. Ulikuwa msimu uleule alipouawa Askofu Mkuu Janani Luwum.

Miaka hiyo ya hofu ilibadilisha kitu kingine kisichoandikwa sana, saa. Kampala ipo karibu mno na ikweta, jua huzama karibu saa moja ya jioni mwaka mzima. Igizo linaloanza saa moja usiku linamtoa mtu mlangoni saa tatu au nne, na ukiwa na vizuizi vya barabarani na risasi za usiku hakuna anayenunua tiketi hiyo. Maonyesho yakasogea alasiri. Mazoea yakabaki hata amani iliporudi, kwa sababu mwenye kurudi Nansana au Mukono kwa taksi anapenda kuipata kabla haijaadimika. Onyesho la alasiri lina gharama zake. Mlango mmoja ukifunguliwa saa tisa mchana, mwanga unaoingia unazidi taa zote za mandhari ya usiku. Tundika mapazia mawili mazito yaliyoachana kama mita moja na nusu nyuma ya kila mlango, ili mtu apite la kwanza likajifunga kabla hajafungua la pili. Ni kitambaa na waya tu, lakini bila hivyo usipange tukio la usiku mapema, maana wachelewaji wa Kampala huingia mpaka dakika ya 40.

Sasa hesabu ya viti. Tuseme, kama mfano, umeuza viti 350 kwa shilingi 20,000 kila kimoja: ni milioni 7. Toa pango, mafuta ya jenereta, mabango, ulinzi na chakula cha mazoezi, kisha gawa kilichobaki kwa waigizaji 25 na wanamuziki 6 waliofanya mazoezi wiki sita. Hesabu haitoki, na haitatoka hata ukijaza Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Jengo la viti vichache lilifaa mfumo ambao gharama hubebwa na serikali au wafadhili. Lilipoachiwa soko, vikundi vilitafuta kumbi kubwa au za bei nafuu. Ndiyo siri ya kumbi za Bat Valley barabara ya Bombo, Pride Theatre, na Theatre Labonita. Katika miaka ya 1980 na 1990 katemba ya Kiluganda iliishi huko kwa nguvu: Ebonies na Jimmy Katumba na sauti zao, Bakayimbira Dramactors na Ndiwulira, igizo lililotia ukimwi jukwaani wakati nyumba nyingi zilikuwa zinazika bila kutaja jina la ugonjwa. Mabati ya kumbi nyingine za mjini yalikuwa na kasoro yake: mvua ya Aprili au Novemba ikianza kupiga, hakuna sauti ya mtu inayoshindana nayo. Vikundi vilijifunza kuwa na wimbo wa akiba wa kujaza dakika hizo.

Thieta ya Taifa haikufa. Rose Mbowa wa idara ya muziki, ngoma na tamthilia ya Makerere, Mother Uganda and Her Children yake ya 1987 ikitafuta namna ya kuweka makabila kwenye jukwaa moja bila kuyafanya bendera, ni wa zama hizo. Alex Mukulu naye, mwanzoni mwa miaka ya 1990, alileta Thirty Years of Bananas, akiipitisha miaka 30 ya uhuru kwenye ulimi wa mkimbizi wa Kinyarwanda, Kaleekeezi. Angalia ujanja wake wa kiufundi: msimulizi mmoja anayesimama mbele ya pazia huku mandhari yakibadilishwa nyuma. Hakuna dakika ya giza inayopotea, hakuna mashine inayohitajika. Jukwaa lenye vyuma vichache vya juu linapenda mwandishi wa namna hiyo.

Nimesema giza, basi niseme taa, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi za vikundi hupotea.

Mapazia ya pembeni ni meusi. Ngozi zetu ni nyeusi, za rangi nyingi lakini zote zinanyonya mwanga kuliko vitabu vya Ulaya vilivyodhani. Ukiwasha taa za mbele peke yake, watu wanakuwa meno na kanzu. Ongeza za nyuma na za ubavuni: taa ya nyuma kwa pembe kali juu ya kila eneo inachora ukingo wa kichwa na mabega, ya ubavuni kwenye usawa wa kifua inachonga shavu. Za mbele ziwe joto, rangi ya majani makavu, usitie kijani. Kanzu nyeupe ni tatizo la kinyume, inawaka kuliko uso wa aliyeivaa. Iloweke kwenye chai ya rangi: majani gramu 100 hivi kwa lita 10 za maji ya moto, dakika 15, suuza, kausha kivulini. Kwa macho ya watazamaji itabaki nyeupe, na uso utarudi. Gomesi ya satini, lile vazi la kike la Uganda, inarudisha mwanga kama kioo kwenye mikunjo ya mabega. Punguza taa ya ubavuni ya upande huo, usiguse ya mbele. Lubugo, kitambaa cha gome la mutuba, ni kahawia yenye wekundu. Chini ya buluu ya usiku wekundu wake hauna cha kurudisha, kitambaa kinageuka cheusi na mfalme wako anatoweka. Ukitaka usiku na lubugo pamoja, tumia buluu iliyopauka kutoka nyuma na uache taa moja ya joto, hafifu, kutoka ubavuni.

Umeme wenyewe uhesabiwe kabla ya kukodi chochote. Taa 24 za halojeni za kilowati 1 ni kilowati 24. Kwa volti 240 hiyo ni ampea 100, yaani takriban 33 kwa kila fezi ukizigawa sawa kwenye fezi tatu za umeme. Kosa linaloangusha maonyesho ni kuziweka zote kwenye fezi moja kwa sababu soketi ziko karibu. Taa 24 za LED za wati 200 ni kilowati 4.8, ampea 20 tu, na jenereta ndogo inazibeba. Lakini LED zina udhaifu wake. Umeme ukikatika, jenereta inachukua sekunde 10 hadi 30 kushika. Halojeni inarudi palepale. Meza ya taa ya kompyuta inaanza upya dakika nzima au mbili, na muda wote huo LED hazijui zifanye nini. Taa ya gesi ya kumfuata mwigizaji ndiyo mbaya zaidi, ikizimika moto inataka dakika 5 au zaidi ipoe ndipo iwake. Kwa hiyo betri ya akiba ya meza ya taa na ya sauti ni lazima, hata ikiwa ndogo ya dakika 10. Na taa mbili za halojeni, zisizopitia meza, ziwe na swichi ya mkono ubavuni. Waigizaji wajue: giza likija, msimame mlipo na muanze wimbo wa tukio hilo. Watazamaji wa hapa wataimba nanyi mpaka umeme urudi.

Utaratibu wa siku ya kufunga vifaa ukumbini ni ule ule kila mahali, lakini hapa wengi huugeuza. Taa kwanza, kabla ya mandhari, maana ngazi haipiti juu ya nyumba ya mbao. Kisha mandhari. Kisha kuelekeza taa, ukumbi ukiwa giza kweli. Sauti baada ya hapo, na ukimya utolewe, mafundi seremala watoke. Zoezi la kiufundi la kuruka kutoka ishara hadi ishara, yaani kila badiliko la taa au sauti, huchukua mara mbili au tatu ya urefu wa igizo. Kikundi kilichokodi ukumbi kuanzia saa sita kwa onyesho la saa tisa hakina muda wa hayo, kwa hiyo kipunguze ishara za taa hadi 15 na kiache ndoto.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wapinzani walikuwa vibanda vya video na ma-VJ wanaotafsiri filamu kwa Kiluganda kwa bei ya mkate. Kilichowarudisha watu Barabara ya De Winton kilikuwa kichekesho: kikundi cha Theatre Factory, kisha Fun Factory, jioni za katikati ya wiki, vipande vifupi, waigizaji wachache, mandhari ya viti viwili. Baadhi ya wenzangu hukidharau. Lakini rudi kwenye hesabu ya viti 350: hilo ndilo umbo ambalo jengo hili limeweza kulilipa kwa tiketi zake lenyewe, kila wiki. Tangu 2014 tamasha la kimataifa la thieta la Kampala limeongeza kitu kingine, maonyesho yanayotoka nje ya ukumbi na kutumia ua na ngazi. Korona ilifunga kumbi za maonyesho Machi 2020 hadi Januari 2022, na vifaa vilivyolala karibu miaka miwili vilionyesha kinachotokea vikiachwa: vumbi kwenye feni za dima, vile vifaa vya kupunguza mwanga wa taa, panya kwenye nyaya, kutu kwenye soketi. Anayekodi vifaa vya zamani aviwashe siku nzima kabla, chini ya mzigo, si dakika tano.

Kiswahili hapa kimekuwa mgeni mwenye historia ngumu. Kilisafiri na wanafunzi wa Makerere 1965, kikatangazwa lugha ya taifa na Amin 1973, kikabaki masikioni mwa wengi kama lugha ya kambi, kikawa lugha rasmi ya pili katiba iliporekebishwa 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe mashuleni. Wanaotaka kuigiza kwa Kiswahili Barabara ya De Winton watahitaji maandishi ya tafsiri juu ya fremu, na Kiluganda na Kiswahili vyote vina maneno marefu. Weka mistari miwili isiyozidi herufi 38 kila mmoja, isimame angalau sekunde 4, herufi za njano iliyopauka badala ya nyeupe ili zisishindane na kanzu. Projekta iwekwe nyuma ya ukumbi, si juu ya jukwaa, kwa sababu feni yake inaingia kwenye maiki. Anayebonyeza awe mtu aliyehudhuria mazoezi, si programu inayojiendesha. Watazamaji watajibu, mwigizaji atajibu watazamaji, na mstari unaofuata itabidi usubiri.